Kano Jigoro: Mwalimu Aliyeingiza Mieleka Skulini

Wazazi wengi wakisikia kwamba skuli yataka kuwafundisha watoto wao mieleka, au kuogelea, au kufagia na kufua nguo zao wenyewe, huona kuwa ada wanayolipa yapotea bure. Hudhani kuwa skuli ni mahali pa kitabu na kalamu, na hayo mengine mtoto atayaokota nyumbani au mtaani. Wako na wenye hofu kubwa zaidi, wasemao kuwa kumfundisha kijana namna ya kumwangusha mwenziwe ni kumtia kisu mkononi mtu asiyejua kukitumia. Hoja hizi si ngeni. Zilitolewa zote, tena na watu wa ilimu, katika mji wa Tokyo zaidi ya miaka 140 iliyopita, na aliyezijibu kwa maneno na kwa vitendo alikuwa mtu mfupi wa kimo, jina lake Kano Jigoro. Kwa desturi ya Wajapani jina la ukoo hutangulia. Kwa hiyo Kano ni ukoo, na Jigoro ndilo lake mwenyewe. Ulimwengu wamjua kuwa ndiye aliyeasisi mchezo wa judo. Ni wachache wajuao kwamba kazi yake ya mshahara, takriban umri wake wote, ilikuwa ualimu.

Alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, kando ya bahari, karibu na mji wa Kobe. Ukoo wa mama yake ulikuwa ukitajirika kwa kutengeneza pombe ya mchele, lakini baba yake hakuishika kazi hiyo, bali alijishughulisha na mambo ya meli na utumishi wa serikali. Mama alifariki Jigoro angali mdogo, kisha baba akawahamishia wanawe Tokyo ili wapate masomo. Huko mtoto alifundishwa maandiko ya Kichina, hati nzuri, na Kiingereza, na katika yote hayo alikuwa mbele ya wenziwe.

Basi alipotimu miaka kumi na minne akatiwa katika skuli ya bweni iliyokuwa ikisomesha kwa lugha za Kizungu. Darasani hakuna aliyemshinda. Uwanjani hakuna aliyeshindwa kumpiga. Kimo chake kilikuwa kiasi cha sentimita 157, na uzani wake kilo 41 tu. Wavulana wakubwa walimchezea watakavyo, na kila alipopata alama nzuri ndivyo walivyozidi kumtafuta. Wengi wetu twawajua watoto wa namna hii. Mwalimu humsifu mbele ya darasa, kisha kengele ikilia hana wa kumsaidia.

Jigoro alikuwa amesikia kuwa kuna fani ya kale iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mtu dhaifu huweza kumwangusha mwenye nguvu. Akataka kujifunza. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Mwaka 1868 utawala wa wale makabaila wa upanga ulikuwa umepinduliwa, na Japani ikawa yakimbilia kila kilicho cha Ulaya, toka reli na nguo hata namna ya kukata nywele. Mwaka 1876 ikapigwa marufuku kuchukua upanga hadharani. Mabingwa wa jujutsu wakakosa wanafunzi, na baadhi yao wakawa wakipata riziki kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Kijana aliwaomba watu wawili watatu waliokuwa wakiingia nyumbani kwao na waliowahi kujifunza, nao wakamwambia hayo yamepitwa na wakati. Na baba yake pia hakuona maana yake. Alipoingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1877 akawa azunguka mjini kutafuta vibao vya waunga mifupa, akibisha hodi na kuuliza, hata mmoja wao akamwelekeza kwa mzee Fukuda Hachinosuke.

Fukuda alifundisha kwa namna ya wazee wa kale. Mwanafunzi akiuliza mguu huu wawekwa wapi na mkono huu wafanya nini, mzee hakueleza; alimshika akamwangusha, na akiuliza tena akamwangusha tena. Kano alirudi nyumbani ana michubuko mwili mzima, akijipaka dawa yenye harufu kali hata wenziwe wakamcheka. Hakuacha. Palikuwa na mwanafunzi mmoja mnene, mzito zaidi ya maradufu yake, ambaye hakuweza kumtikisa. Kano akaenda maktaba kusoma, si vitabu vya Kijapani tu bali hata vya mieleka ya Wazungu, akapata humo namna ya kumbeba mtu mabegani, akaijaribu, na yule mzito akaenda chini. Hapa ndipo aonekanapo Kano hasa. Wengine walijifunza kwa mwili peke yake. Yeye alitaka ajue sababu.

Fukuda akafariki mwaka 1879, na mwalimu wa pili akafariki mwaka 1881, ndipo Kano akaenda kwa bingwa wa tatu, Iikubo Tsunetoshi, wa njia nyingine ya jujutsu. Kwa huyu alipata siri aliyoitafuta: kwamba mtu hasukumwi wala havutwi kwa nguvu, bali kwanza hutolewa katika mizani yake, na akishakosa mizani, nguvu ndogo yatosha. Siku alipomwangusha Iikubo mara kwa mara, naye mzee asiweze kumwangusha, yule mwalimu alikiri kuwa hana tena la kumfundisha.

Mwaka 1882 ndio mwaka wa mambo yake yote. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alipata kazi ya kufundisha katika Gakushuin, skuli ya wana wa makabaila, na wakati ule ule akapanga vyumba katika hekalu la Eishoji akaanza kufundisha judo katika ukumbi wa mikeka kumi na miwili. Mahali hapo akapaita Kodokan. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa tisa. Sakafu ya hekalu haikujengwa kwa ajili ya watu kuangushana. Mbao zilivunjika mara kwa mara, na usiku Kano alitambaa chini ya sakafu na taa mkononi kuzirekebisha. Fedha za kuendesha mambo alizipata kwa kukesha akifasiri vitabu vya Kiingereza.

Lakini twataka kusimama zaidi kwenye jambo la pili alilolifanya mwaka huo, ambalo halisemwi sana. Alifungua bweni nyumbani kwake, akachukua vijana kuishi naye. Baadhi yao walikuwa wana wa watu wenye vyeo na mali, ambao wazazi wao walikuwa wamechoka nao. Vijana hawa waliamshwa alfajiri. Walifagia vyumba na ua kwa zamu, wakapangusa sakafu kwa maji, wakapokea wageni, wakavaa mavazi ya kawaida, wala mwana wa tajiri hakuruhusiwa kumtuma mwana wa maskini. Baada ya masomo walifanya judo. Mzazi aliyempeleka mwanawe pale akiwa hajui hata kufunga mkanda wa nguo yake bila ya mtumishi alirudishiwa mtu mwingine. Bweni hilo lilidumu miaka mingi, na Kano aliliona kuwa ni sehemu ya kazi ile ile ya ukumbi wa judo: mtu aliyefundishwa kujitumikia na kuutawala mwili wake hawi mzigo kwa wengine.

Basi tuje kwenye ule mjadala. Mwaka 1883 Wizara ya Ilimu ya Japani ilitaka kujua kama jujutsu na mchezo wa upanga wafaa kutiwa katika masomo ya skuli. Kazi ya kuchunguza ikapewa chuo cha serikali cha mazoezi ya mwili, na madaktari wa Chuo Kikuu wakashauriwa, wakiwamo maprofesa wa Kijerumani. Jawabu lilitoka mwaka uliofuata. Hawakuwa watu wa chuki, kwa kuwa walianza kwa kutaja faida: michezo hii hukuza mwili, huongeza ustahimilivu, huchangamsha roho, na humsaidia mtu kujilinda siku ya hatari. Kisha wakataja madhara. Mwili haukui sawasawa pande zote. Kuna hatari ya kuumia. Ni vigumu kumpimia kila mtoto kiasi kinachomfaa, mwenye nguvu na dhaifu wakiwa pamoja. Hisia hupanda kwa haraka, na mchezo hugeuka ukatili. Kila wawili wahitaji jicho la mwalimu, kwa hiyo haiwezekani kufundisha darasa zima kwa mara moja. Na mavazi na zana zake ni za gharama. Wakahukumu kwamba isiwe somo la lazima.

Ukisoma hoja hizo kwa insafu utaona kuwa nyingi zilikuwa za haki. Jujutsu ya wakati ule haikufaa watoto. Ilikuwa na mapigo ya kuumiza, kukunja vidole na vifundo, na kuangusha mtu bila ya kujali aanguka vipi. Kano hakuishutumu wizara wala hakukaa akilalamika kuwa mila za wazee zadharauliwa. Alirudi ukumbini akaitengeneza fani yake upya hata ikawa na majibu. Yaliyo ya hatari aliyatoa katika mazoezi ya kushikana huru, akayaacha katika mazoezi ya kupangwa tu, ambamo kila mmoja ajua mwenziwe atafanya nini. Jambo la kwanza alilomfundisha mwanafunzi mpya halikuwa kuangusha, bali kuanguka: kukunja shingo, kuupiga mkeka kwa mkono, kuuviringisha mwili usipokee pigo mahali pamoja. Akapanga mafundisho kwa daraja, toka jepesi hata zito, ili mtu ajue amefika wapi na yampasa nini. Na juu ya yote akaweka sharti kwamba mwenzio unayeshindana naye ni amana mikononi mwako, kwani bila ya yeye huwezi kujifunza kitu.

Mwezi wa Mei mwaka 1889 alisimama mbele ya jumuia kubwa ya walimu, waziri wa ilimu akiwapo, akaeleza judo yafaa nini katika malezi. Alionyesha kuwa ndani yake mna mambo matatu yaliyofungamana: kuukuza mwili, kujua kushindana na kujilinda, na kutengeneza tabia pamoja na akili. Skuli, kwa rai yake, isiyachukue mafunzo haya kwa ajili ya ugomvi wa njiani, ambao huenda usimfike mtu hata mara moja maishani, bali kwa ajili ya kile kinachobaki kwa mtu kila siku: kutazama kwa makini kabla ya kutenda, kuamua kwa haraka, kujua mahali pa kukoma, kutopanda kichwa akishinda wala kuvunjika moyo akishindwa. Yeye mwenyewe alikuwa na hasira za karibu utotoni, na aliyaona mazoezi kuwa ndiyo yaliyomtuliza.

Mwaka huo huo alitumwa Ulaya kutazama skuli zao. Yasimuliwa kuwa alipokuwa akirudi kwa bahari, kulikuwa na afisa wa Kirusi melini, pande la mtu, aliyefanya mzaha juu ya mieleka ya Kijapani. Kano akamwangusha, na kabla ya kichwa cha yule afisa kupiga sakafu ya meli, mkono wa Kano ulikuwa umeshatangulia chini yake kukilinda. Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya kuanguka kwa Mrusi. Sisi twakipenda kwa ule mkono.

Aliporejea alioa, akapewa uongozi wa skuli kubwa ya Kumamoto, kusini mwa Japani, ambako Lafcadio Hearn alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ndiye aliyewaandikia watu wa Ulaya na Marekani khabari za jujutsu katika kitabu kilichotoka mwaka 1895. Kisha mwaka 1893 Kano akawekwa mkuu wa Chuo cha Walimu cha Tokyo. Alikiongoza kwa vipindi vitatu, hata mwaka 1920. Hiki ndicho cheo kilichompa nguvu kuliko ukumbi wake wa judo, maana anayewafundisha walimu huingia katika kila darasa la nchi bila ya kuonekana.

Pale chuoni aliamuru kila mwanafunzi ashiriki mazoezi ya mwili, si mabingwa peke yao. Wakawa wakikimbia mbio za masafa marefu, na kila kiangazi wakipelekwa ufukweni kujifunza kuogelea. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nchi ni visiwa, na mtu wa visiwani asiyejua kuogelea ana upungufu hata kama ana shahada. Watu wa pwani wasomao maneno haya hawahitaji tuwafasirie. Mmoja wa wakimbiaji hao, Kanakuri Shizo, alikwenda na Kano kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, Japani ikiwa imepeleka wanamichezo wawili tu. Joto lilimshinda katikati ya mbio ndefu, akaingia nyumba ya watu kunywa kitu, akarudi kwao kimyakimya. Mwaka 1967, akiwa mzee, aliitwa Stockholm kuzimaliza zile mbio, na saa yake ikahesabiwa kuwa miaka 54 na miezi kadhaa. Aliishi akiwa mwalimu, na alifanya kazi kubwa ya kueneza mbio nchini mwake.

Chuo hicho na skuli nyingine aliyoifungua Kano vilipokea pia vijana kutoka Uchina. Walioanza mwaka 1896 walikuwa kumi na watatu. Skuli aliyoiita Kobun Gakuin ilipofungwa mwaka 1909, maelfu ya Wachina walikuwa wamepita humo. Mwandishi mashuhuri Lu Xun alikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Yang Changji, ambaye baadaye alimsomesha Mao Zedong.

Na ile hukumu ya mwaka 1884? Ilidumu miaka ishirini na saba. Mwaka 1911 wizara iliruhusu jujutsu na mchezo wa upanga kufundishwa katika skuli za kati kwa zitakazopenda, na mwaka 1931 mafunzo hayo yakafanywa ya lazima kwa wavulana. Lau tungekomea hapa hadithi ingekuwa tamu, lakini haingekuwa kweli yote. Jambo likishakuwa la lazima, serikali hulipa makusudio yake. Katika miaka ya thelathini Japani ilikuwa yajiandaa kwa vita, na mieleka aliyoitengeneza Kano ili watu wafaane ikatumiwa kuwaandaa wavulana kuwa askari. Yeye mwenyewe alisikitika kuona kumbi zimejaa watu watafutao ushindi tu. Baada ya Japani kushindwa mwaka 1945, Wamarekani waliokalia nchi walizipiga marufuku fani hizi skulini, na judo haikuruhusiwa kurudi hata mwaka 1950.

Mwaka 2012 serikali ya Japani ilirudisha mafunzo ya kujihami kuwa ya lazima katika skuli za kati, safari hii kwa wavulana na wasichana, na skuli nyingi zikachagua judo. Wazazi wakauliza swali lile lile la madaktari wa mwaka 1884, tena wakiwa na majina ya watoto mikononi: tangu mwaka 1983 zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamekufa katika judo ya skulini, wengi kwa kuumia kichwa, na wengi wao katika vilabu vya baada ya masomo wakiwa wanafunzi wapya. Yaani walikuwa wameangushwa kabla ya kujua kuanguka. Walimu wengine waliosimamia mazoezi walikuwa wamepata mafunzo ya siku chache tu. Anayesema kuwa hili laonyesha judo haifai skulini ana haki ya kusikilizwa. Lakini jambo lile Kano alilolitanguliza, wao ndilo waliloliacha nyuma. Na mwenye kutaka kufundisha mafunzo haya bila ya mwalimu aliyehitimu ni bora asianze.

Tukimrudia mwenyewe. Wanawake nao aliwafundisha tangu zamani kwa siri ndogo, kisha mwaka 1926 akawafungulia sehemu yao rasmi katika Kodokan. Mwaka 1935 alijiunga humo msichana Fukuda Keiko, mjukuu wa yule mzee aliyemfundisha Kano kwa kumwangusha bila ya kueleza; Kano ndiye aliyemwalika, kwa kukumbuka fadhila za babu yake. Bibi huyu hakuolewa, akaishi Marekani akisomesha judo hata akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 99, na daraja ya kumi aliyopewa huko haikuwahi kufikiwa na mwanamke kabla yake.

Toka mwaka 1909 Kano alikuwa mjumbe wa Kamati ya Olimpiki, wa kwanza kutoka Asia. Uzeeni aliazimia michezo ya mwaka 1940 ifanywe Tokyo, naye akaupata ushindi huo mwaka 1936. Lakini Julai 1937 vita vya Japani na Uchina vikapamba moto, na mataifa yakaanza kunung'unika. Mwezi wa Machi mwaka 1938, akiwa na miaka 77, alisafiri hata Cairo kwenye mkutano wa Kamati kuitetea Tokyo. Wasomaji watajiuliza ilikuwaje mtu aliyewasomesha maelfu ya Wachina akazunguka dunia kuiombea sherehe serikali iliyokuwa yawashambulia. Wako waliomlaumu kwa hilo, na lawama hiyo haikosi msingi. Mkutano ulimkubalia. Akarudi kwa njia ya Amerika, akapanda meli Hikawa Maru kuvuka Pasifiki, akashikwa na homa ya mapafu njiani, na tarehe 4 Mei 1938, siku mbili kabla ya kuona bandari ya kwao, akafariki.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo Japani iliiacha michezo kwa ajili ya vita. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, Tokyo, na katika pambano la wasio na kikomo cha uzani Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani mbele ya watu wake. Meli Hikawa Maru ingali imefungwa gatini Yokohama, na wanafunzi wa skuli hupelekwa kuitazama.